Shajara ya kona ya kuchezea, wodi ya watoto wenye kansa, Mbeya

Machi, wiki ya 1

Nimeamua kila kitu kiandikwe hapa maana tuko watatu kwenye huu mradi na kila mtu ana mihangaiko yake, tukikutana Jumapili nusu ya mambo tumeshasahau. Majina ya watoto siyaweki, wengi wamejipa wenyewe majina ya michezoni na hayo ndo nitakayotumia, na hospitali pia siitaji.

Mi ni mwalimu wa chekechea. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikutwa na uvimbe kwenye figo, ile aina wanayoiita Wilms, nikakaa nae wodini wiki tatu tukipokezana na dada, na kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo siyo ule uvimbe maana ulishatolewa na dogo yuko darasa la kwanza anakimbiza kuku wa watu, kilichonikaa ni vile tulivyokuwa tunamdanganya. Kila asubuhi dada anamwambia amka baba twende tukanunue maandazi, halafu mlango unaofunguliwa ni wa chumba cha sindano. Siku ya nne akaletewa maandazi kweli, ya moto kabisa, akageukia ukutani. Kuanzia hapo nikawa najiuliza hivi kuna namna gani ya kumwambia mtoto wa miaka mitano ukweli akauelewa, na jibu nililokuwa nalo ni moja tu kwa sababu ndo kazi yangu ya kila siku, mtoto anaelewa akicheza.

Tumepewa mwisho wa korido, kati ya kabati la mashuka na dirisha linalotazama mlima Loleza. Siyo chumba ila ina mwanga mzuri asubuhi. Siku zetu ni Jumatano na Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita.

Machi, wiki ya 2

Sista mkuu ametupa masharti na nayaandika yote kwa sababu nimeona yana maana. Mkeka uwe wa plastiki, siyo wa ukindu. Kitu kisichofulika au kufutika kisiingie. Kila kitu kikitoka mkononi mwa mtoto mmoja kinaoshwa kwa maji yenye jiki kinasuuzwa kinaanikwa ndo kinaenda kwa mwingine. Mtoto ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka haji kwenye kona, sisi ndo tunaenda kitandani kwake na vifaa vyake peke yake. Udongo hapana, maua hapana.

Na magunzi hapana. Hili liliniuma kidogo, nilikuwa nimekata mahindi machanga sita shambani kwa mama kule Uyole, yale yenye nywele ndefu laini ambayo kila msichana aliyekulia huku ashawahi kuyasuka akayabeba mgongoni, nilikuwa naona kabisa watoto watakavyoyapokea. Sista akayachukua yote akayaweka nje ya mlango, akanikalisha akanieleza kwamba mtoto akishapata kemo, yaani zile dawa kali za kansa, wiki moja mpaka mbili baadae kinga yake inakuwa chini sana, na huo ukungu unaoota kwenye hindi likikaa siku mbili tatu, ambao kwa mimi ni harufu tu, kwake unaweza kuingia kwenye mapafu ukamlaza vibaya. Nikamshukuru. Nilivyorudi nyumbani nikapita Mwanjelwa kwa fundi cherehani nikamwambia nataka midoli ya kitambaa cha pamba, ndani sponji ili ifulike, nywele za uzi zishonwe kwenye kikofia na kikofia kifungwe kwa vifungo viwili ili nywele zitoke. Akauliza kwa nini zitoke. Nilivyomwambia akanyamaza muda mrefu halafu akasema hela ya ushonaji sichukui, leta kitambaa tu.

Machi, wiki ya 4

Mwanzo haukwenda vizuri. Tumenunua vitu vingi, mabaloni, picha za kupaka rangi, toi za kelele, nikasimama mbele kama niko darasani, nikaimbisha, nikapiga makofi. Watoto saba wamekaa kwenye mkeka wananiangalia mimi ninavyocheza. Mmoja tu alipiga makofi na nahisi alinionea huruma.

Yule mwenzetu aliyesomea saikolojia yuko Dar, huwa anatuongoza kwa simu ya video kila Ijumaa, nikamsimulia. Akaniambia umefanya burudani, na burudani siyo mbaya ila siyo hicho ulichosema unataka. Akanielekeza kwa Virginia Axline, mama wa Kimarekani aliyeandika kuhusu tiba ya michezo mwaka 1947 na akaweka kanuni nane, na hata leo watu wanazifuata. Iliyonishika ni ile kwamba mtoto ndo anaongoza njia na mkubwa anafuata nyuma. Yaani usimwambie achore nini, usimsifie sana, usimuharakishe, kaa chini kwenye usawa wake, sema kwa sauti unachokiona anafanya ili ajue unamuona, na weka mipaka michache tu ya usalama. Ukifikiria, huyu mtoto siku nzima anaamuliwa, fungua mdomo, geuka, lala, usile hiki, nyoosha mkono. Hapa kwenye mkeka ndo sehemu pekee hospitali nzima ambapo yeye anasema na sisi tunafanya.

Na niweke wazi, sisi siyo matabibu wa michezo, hiyo ni taaluma ya watu waliosomea na kusimamiwa. Tunachofanya ni mchezo unaomuandaa mtoto na unaompa nafasi, na tukiona kitu kizito tunakipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa wodi na kwa huyu mwenzetu wa Dar.

Aprili, wiki ya 2

Tumepunguza vitu. Sasa hivi kuna midoli minne, vyombo vya plastiki vya kupikia, gari, wanyama, kalamu za rangi, udongo wa rangi wa dukani (kila mtoto na kopo lake lenye jina), na sanduku la udaktari. Hilo sanduku ndo kila kitu. Ndani kuna bomba za sindano mpya zisizo na sindano, plasta, pamba, bendeji, glovu, barakoa, mpira wa kufungia mkono, mpira wa dripu ambao haujawahi kutumika, vyote sista anavihesabu tukiingia na tukitoka.

Kuna dogo wa miaka mitano kutoka upande wa Chunya, ametimiza wiki mbili wodini hajaongea hata neno, tumekuwa tukimuita Kimya. Wote tukajua ni huzuni. Leo mama mmoja wa usafi kapita na ndoo akamwambia tu "mwangaluka", mtoto kainua kichwa kama kaitwa na mama yake mzazi. Kumbe ni Msukuma, familia ya wafugaji, Kiswahili alikuwa hakijui kabisa, na mjomba aliyemleta alirudi kwenye ng'ombe. Wiki mbili mtoto anashikwa anachomwa na hakuna mtu amemwambia kitu chochote kwa lugha anayoielewa. Nimeona aibu kwa niaba yetu sote. Tumekubaliana na yule mama wa usafi awe anakaa nasi dakika kumi kila Jumatano, na sista kamruhusu.

Kimya akatengeneza ng'ombe. Kumi na moja. Kila mmoja na pembe zake tofauti, akawapanga kwenye ukingo wa mkeka, akachukua bomba akawachanja mmoja mmoja, na kila akimchanja anamshika nundu taratibu na kumwambia kitu. Yule mama akanitafsiria, anawaambia tulia, ni kwa ajili ya ugonjwa, utaenda kula majani sasa hivi. Huyu mtoto alikuwa anajua sindano ni nini siku zote, baba yake anachanja ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza.

Aprili, wiki ya 4

Nimefanya kosa kubwa na naliandika lote.

Kuna kijana wa miaka tisa anaitwa Dereva, nitamuelezea vizuri siku nyingine, ana kansa ya damu, na kwenye matibabu yake kuna dawa inayowekwa kwenye uti wa mgongo. Alikuwa amekaa nami anasubiri kuitwa, anatetemeka, akaniuliza Madam itauma? Nikamwambia haitauma. Sijui kwa nini nilisema, nilikuwa nataka tu uso wake utulie. Akaenda. Nikamsikia kutoka kwenye kona. Alivyorudi akapitishwa na machela mbele yangu akanitazama, hakulia, akafumba macho.

Hakuja kwenye mkeka Jumamosi wala Jumatano iliyofuata. Jumamosi ya pili nikaenda kitandani nikapiga magoti nikamwambia nilikudanganya, ilikuwa itauma na mimi nilijua, nisamehe, sitarudia. Akakaa kimya halafu akasema, ungesema inauma ningejiandaa.

Nimeliandika kwenye karatasi kubwa tumebandika ndani ya mlango wa kabati letu, hilo neno lake kama alivyolisema.

Mei, wiki ya 1

Dereva karudi. Baba yake ni utingo wa malori ya Tunduma na Dar, kwahiyo huyu dogo njia ile anaijua kituo kwa kituo, na kiti cha magurudumu ndo lori lake, ukimsukuma inabidi upige honi kwenye kona. Tukapata wazo, au niseme yeye ndo kalipata. Aliniona nahangaika kuchora kalenda ya matibabu, miraba na tarehe, akasema hii haieleweki, chora barabara.

Tumebandika makaratasi ya manila ukutani tukachora barabara yote. Tunduma, Vwawa, Mbalizi, Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, Ilula, Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Kibaha, Dar. Ruaha Mbuyuni kachora vitunguu, Mikumi tembo anavuka, Kitonga kachora kona kama nyoka na lori moja limelala ubavu. Kila mtoto ana stika yake yenye lori la rangi yake. Ukimaliza awamu ya dawa unasogea vituo, vingapi inategemea ugonjwa wako, dokta ndo anatusaidia kugawa. Mama Duka, binti wa miaka sita mwenye uvimbe wa taya, matibabu yake ni ya miezi, kwahiyo anaruka vituo viwili vitatu kwa mara moja. Dereva mwenyewe matibabu ya kansa yake ya damu yanaenda zaidi ya miaka miwili, akapiga hesabu akasema basi mimi naenda Dar narudi na mzigo naenda tena, poa tu.

Na kupimwa uzito, ambako watoto walikuwa wanakugomea, sasa kunaitwa kupita mizani. Dokta anahitaji uzito na urefu kila awamu kwa sababu dozi inapigwa kwa ukubwa wa mwili, lakini hilo kwa mtoto lilikuwa halina maana yoyote, wakati lori lisilopita mizani kila mtu anajua linakamatwa. Wanajipanga foleni wenyewe. Jana Kimya kampandisha ng'ombe wake mmoja kwanza.

Mei, wiki ya 3

Mama Duka aliletwa na bibi yake kutoka Kyela. Kabla ya kufika huku aling'olewa meno mawili kijijini, ikadhaniwa ni jino bovu, na hii hadithi ya jino tumeshaisikia kwa watoto watatu sasa.

Leo kamchukua mdoli kamlaza kwenye magoti anamchapa. Anachapa kweli, kwa mkono wote, anasema nilikwambia usipande mparachichi, nilikwambia, ona sasa. Zamani ningemwambia hapana hatumpigi mtoto. Nikasogea nikasema, huyu mtoto anachapwa sana, watu wanasema alipanda mti ndo maana akaugua. Akasimamisha mkono. Akasema alianguka, akapiga shavu. Nikauliza na yeye mtoto anaonaje? Akasema anaona ni yeye amejiletea.

Miezi miwili huyu binti anapewa dawa na kichwani kwake ile dripu ni fimbo. Mwenzetu wa Dar alishatuambia watoto wa umri huu wengi huamini ugonjwa ni adhabu ya kitu walichofanya, lakini kusikia kwa simu na kuona ule mkono ni vitu viwili. Tukamuomba dokta aje. Dokta akakaa chini na koti lake jeupe, akamshika mdoli, akamwambia mdoli, siyo Mama Duka, akamwambia kansa haiji kwa kupanda mti, haiji kwa kuiba sukari, haiji kwa kumjibu bibi, haiambukizi na hakuna mtu aliyekuletea. Bibi alikuwa amesimama pembeni akaanza kulia kwa sababu ile ya mparachichi aliisema yeye, aliisema kwa uchungu tu siku ya kwanza uvimbe ulipotokea. Dokta akamueleza na yeye kwamba uvimbe huu wa taya unajulikana Afrika Mashariki miaka mingi, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, Denis Burkitt, aliuandika mwaka 1958, unakua haraka kuliko uvimbe karibu wote ila na dawa pia unazisikia haraka. Bibi akanishika mikono yote miwili, "ndaga fijo mwanangu, ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na mimi nilikuwa sijafanya kitu, aliyefanya ni mjukuu wake na ule mkono.

Jioni Mama Duka kamfunga mdoli mgongoni kwa kitenge kaenda nae kupima joto.

Juni, wiki ya 1

Baridi imeanza kweli, watoto wanakuja na blanketi. Mambo mawili ya haraka.

Dawa nyekundu. Kuna dawa ya kemo ambayo yenyewe ni nyekundu na mtoto akikojoa siku hiyo mkojo unatoka mwekundu, na wengi wanadhani ni damu, wanabana mkojo kwa hofu, wanaumia zaidi. Tukamtengenezea mdoli mmoja chupa tumboni na mrija, juu unamimina juisi ya choya na chini inatoka choya, na watoto wanasimamia wenyewe, ingia nyekundu toka nyekundu. Asubuhi ya leo Kimya katoka chooni anatangaza kwa Kiswahili, nyekundu! Wodi nzima ikashangilia.

Nywele. Hakuna mtoto aliyeuliza kuhusu vikofia vya midoli, wamevigundua wenyewe vile vifungo. Wasichana wakubwa ndo walivishika kwanza. Mmoja wa miaka kumi na moja alifungua kikofia akakaa na mdoli mwenye upara nusu saa akimpaka mafuta kichwani, siku tatu kabla nywele zake hazijaanza kubaki kwenye mto. Zilipoanza alimwambia mama yake alete wembe, nataka kunyoa mwenyewe zisiniachie mabaka.

Juni, wiki ya 4

Leo sherehe kwangu mimi. Utaratibu wa kuweka branula, kale kamrija kanakobaki kwenye mshipa kwa ajili ya dawa, ulikuwa hivi, mtoto analazwa, watu watatu wanne wanamkandamiza, mama anatolewa nje ili asione. Tumekuwa tukiongea na masista tangu Aprili bila kugombana, wao ni wachache na watoto ni wengi na wanajua kazi yao. Wakakubali kujaribu kwa mmoja. Mama anakaa kwenye kiti, mtoto anapakatwa kifua kwa kifua, mkono mmoja unapita chini ya kwapa la mama kwenda kwa sista, na mbele ya macho yake, nyuma ya bega la mama, niko mimi na mapovu.

Mapovu ni sabuni ya maji na sukari kidogo ili yasipasuke haraka, kila mtoto na mrija wake. Siri ni kwamba povu kubwa halitoki ukipuliza kwa nguvu, lazima pumzi iwe ndefu na ya taratibu, na pumzi hiyo hiyo ndo inayolegeza mwili. Ni jambo lililofanyiwa utafiti sana, kumhamisha mtoto mawazo na kumpa pumzi ya kufanya kunapunguza maumivu ya sindano, siyo mazingaombwe. Sehemu yetu tuliyoongeza ni kwamba kabla ya hapo mtoto ameshamuwekea mdoli branula kwenye mkono ule ule, na amechagua mwenyewe mkono upi na plasta ya rangi gani.

Yule binti wa miaka mitatu aliyeondolewa jicho, ambaye alikuwa anaanza kulia akiona tu trei, alilia pale pale sindano ilipoingia kisha akarudi kwenye povu. Sista alipata mshipa mara ya kwanza. Akasema kwa sauti ndogo, mbona mkono umetulia hivi. Kuanzia Jumatatu wanafanya kwa wote wanaotaka.

Julai, wiki ya 2

Nimekaa siku tisa sijaandika. Yule wa kitanda cha dirishani amefariki, usiku wa Alhamisi. Alikuwa na miaka saba. Stika yake ilikuwa ya njano.

Jumamosi nilikuja sijui nitasema nini, nikakuta watoto wameshaanza. Mdoli kalazwa katikati ya mkeka kafunikwa khanga mpaka usoni. Mama Duka kakaa na sahani, anapokea rambirambi, vifuniko vya soda. Wasichana wamekaa miguu wamenyoosha, wanalia kwa kuigiza halafu mmoja akawa halii tena kwa kuigiza. Dereva akaleta kiti cha magurudumu, wakampakia mdoli wakampeleka korido nzima taratibu bila honi, wakarudi, wakapika ubwabwa, wakagawa.

Muuguzi mmoja alitaka kuwazuia, alisema wanajitabiria. Nilimuelewa, alikuwa amekesha na yule mtoto. Nikamuomba aniachie. Usiku ule tuliwahamisha vitanda tukavuta pazia tukawaambia mwenzenu kahamishwa wodi, na hakuna aliyeamini, walisikia kila kitu. Sasa walikuwa wanamzika kwa sababu sisi tuliwanyima.

Walipomaliza, Dereva akaniuliza, Madam lori lake liliharibikia wapi? Nikamwambia Mafinga. Nikamwambia ugonjwa wake ulikuwa mkali, dawa zilijitahidi zikashindwa, siyo kwamba alikosea kitu wala aliacha kunywa dawa. Akauliza na la kwangu? Nikasema la kwako sa hivi linatembea, dokta anaangalia damu yako kila wiki na mpaka jana ilikuwa inaenda vizuri, siwezi kukuahidi zaidi ya hapo ila nikijua kitu sitakuficha. Akatingisha kichwa. Mtoto mmoja akataka kubandua ile stika ya njano, Dereva akamzuia. Imebaki Mafinga.

Agosti, wiki ya 1

Tumefika tumekuta kona imejaa maboksi. Kuna ofisi iliamua ile sehemu ni stoo ya muda, mkeka umekunjwa chini ya maboksi, ramani imechanwa kipande kuanzia Iringa mpaka Mikumi. Watoto walishaona kabla yetu. Nilienda kuongea nikaambiwa kucheza watacheza wakipona.

Nilikuwa na hasira ila niliwajibu kwa utulivu, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaja haki ya mtoto kucheza pamoja na chakula na matibabu, haikuweka sharti la kuwa mzima, na Mkataba wa Haki za Mtoto ibara ya 31 unasema hivyo hivyo. Lakini kiukweli siyo mimi niliyewashawishi, ni sista mkuu, alienda na daftari lake la miezi miwili akaonyesha ni branula ngapi zimeingia mara ya kwanza. Maboksi yaliondolewa baada ya siku sita. Dereva na wenzake wamechora upya kile kipande, na Kitonga safari hii hakuna lori lililolala.

Pia tumekubaliana kitu kuhusu wageni. Watu wanakuja na zawadi na wana nia njema, lakini wanataka picha na mtoto mwenye upara akiwa kashika boksi. Kuanzia sasa mtoto anaulizwa yeye kwanza, na mzazi, na kama jibu ni hapana zawadi inapokelewa bila picha.

Septemba, wiki ya 3

Huu ni mwezi wa kansa za watoto, utepe wa dhahabu. Baba mmoja kutoka Makete aliuliza dokta mbele ya wenzake, hivi hawa wanaponaga? Dokta akajibu bila kuzunguka, nchi tajiri wanapona zaidi ya watoto 80 katika kila 100, nchi maskini hawafiki 30, na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 limeweka lengo kwamba kufikia 2030 wapone angalau 60 duniani kote. Akasema tofauti kubwa ni tatu, kuchelewa kuja, dawa kukosekana, na kuacha matibabu katikati. Hiyo ya tatu tunaiona hapa, nauli inaisha, shamba linaita, na mtoto mwenyewe analia hataki kurudi mpaka mzazi anakata tamaa. Nauli hatuna uwezo nayo. Lakini baba yake Kimya, ambaye nimeonana nae wiki hii kwa mara ya kwanza, anasema safari hii mtoto ndo aliyemuamsha, akimwambia ng'ombe wake wako kwenye kopo hospitali na wamekaa siku nyingi bila kuchanjwa.

Mama Duka amefika Dar. Uvimbe umeisha, atakuwa anarudi kupimwa tu. Alibandika stika yake, akashuka, akaenda kukaa dukani kwake akauza kama kawaida mpaka bibi akaja na mizigo.

Yule baba wa Makete mtoto wake ni wa miaka sita, kafika jana, leo alikuwa anasubiri branula ya kwanza kajificha nyuma ya koti la baba. Nilikuwa nachanganya mapovu. Dereva akamsogelea na lori, akafunga breki, akamwambia itauma, kama mwiba ukiingia, hesabu mpaka tano halafu inapungua, unaweza kulia ila mkono usiutikise. Dogo akaniangalia mimi kama anauliza ni kweli. Dereva akamwambia muulize Madam, sa hivi huwa hadanganyi.

Nikamwambia ni kweli, inauma kama alivyosema. Akachagua mkono wa kushoto, plasta ya bluu.

Za wiki ijayo: sponji, vifungo kumi na viwili, stika zimeisha, kumpigia fundi, kopo jipya la udongo wa rangi kwa mtoto wa Makete, na kumtafuta mtu anayejua Kikinga, lugha ya kwao Makete.